Sekunde Saba za Bwana Ghadhabu

Siku hiyo ghorofa ya pili ya jengo la vifaa vya umeme ilikuwa imefurika watu hadi ngazini. Wengine walibeba redio kwapani, wengine simu zilizopasuka vioo, na mama mmoja mnene alikuwa amekumbatia feni kama mtoto mwenye homa. Mbele ya kibanda namba kumi na nne vijana kama ishirini walikuwa wamemzunguka mwanamume mrefu mwenye koti la manjano, wakisukumana kupiga naye picha.

"Wewe wa koti la manjano!"

Sauti ilitoka nyuma ya kaunta. Aliyesimama pale alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na minane hivi, amevaa aproni ya buluu yenye mifuko sita, amejifunga kitambaa chenye maua madogo meupe, na miwani yake ya kukuzia ameipandisha juu ya paji la uso. Mkononi alikuwa na bisibisi. Haikuwa rahisi kumkuta bila bisibisi hiyo, ndiyo maana jengo zima lilimwita Bisibisi.

"Mimi?" akauliza mwanamume.

"Kuna mwingine hapa aliyevaa rangi ya yai? Kama umekuja kupigwa picha, studio iko chini. Huyu mama amesimama na feni yake tangu saa tatu, miguu imemvimba, na wewe umemzibia njia. Mpishe!"

Vijana wakaguna. Mwanamume akamtazama yule mama, akaipokea feni, akaiweka juu ya kaunta polepole, akamvutia mama kiti. Kisha akaenda mwisho kabisa wa foleni, nyuma ya kila mtu, akasimama huko saa nzima bila kulalamika. Bisibisi aliliona hilo. Alijifanya hakuliona.

Zamu yake ilipofika, akamwaga mezani pedi nne za kuchezea gemu, zote zimepasuka.

"Zimeanguka?"

"Zimerushwa ukutani."

"Na nani?"

"Na mimi."

"Kwa nini?"

"Ndiyo kazi yangu, dada."

Mzee aliyeketi kwenye kigoda pembeni ya kaunta akacheka hadi mabega yakamtikisika. Alikuwa baba yake Bisibisi, fundi wa miaka mingi, aliyemfundisha binti yake kushika chuma cha kulehemu kabla hajajua kusoma vizuri. "Mwanangu, humjui? Huyu ndiye Bwana Ghadhabu. Anahakiki gemu mtandaoni. Anacheza, anakasirika, anawatukana waliotengeneza, halafu anarusha pedi. Lakini kabla ya kurusha ananyamaza. Anaitazama kamera sekunde saba, macho yanamtoka hivi. Mimi hucheka pale pale kwenye kimya."

"Kwa hiyo mimi natengeneza, yeye anavunja, na nyinyi mnacheka."

"Ukisema hivyo inasikika vibaya," akasema Bwana Ghadhabu.

"Inasikika ilivyo. Njoo Alhamisi. Na usinichekee, mimi sijakuchekea."

Alhamisi alikuja. Wiki iliyofuata akaja tena na pedi moja nzima, inang'aa.

"Hii ina nini?" akauliza Bisibisi, akiigeuza huku na huku.

"Haina kitu."

"Sasa umeniletea nini?"

"Nimekuletea mwenye pedi."

Bisibisi akainama haraka kutafuta kitu ambacho hakikuanguka.

Hivyo ndivyo walivyoanza. Angekuwa mtu wa maneno tu, pengine mambo yangeishia kaunta. Lakini Bisibisi alikuwa mwanamke wa kutazama mikono ya watu. Aliona jinsi alivyokunja kipande cha boksi na kukiweka chini ya mguu mfupi wa kigoda cha Mzee, bila kumwambia mtu. Akasikia kwamba amening'iniza godoro ukutani kwake, pale kamera isipofika, ili pedi anazorusha ziangukie mahali laini.

"Umewadanganya wafuasi wako," alimtania kwenye simu. "Wanadhani unapiga ukuta."

"Nawadanganya wao ili nisikuudhi wewe, kipenzi changu."

"Mimi naudhika hata bila sababu."

"Najua. Hasira zangu ni za kuigiza. Zako, mpenzi, ni za kiwandani kabisa."

Bisibisi akacheka, na alikuwa mgumu wa kucheka.

Mwaka ukapita. Bwana Ghadhabu akawa mkubwa kuliko mtandao wake. Kituo cha redio kilimwita atunge mchezo wa vichekesho wa nusu saa kila Jumamosi asubuhi. Watu wa jukwaa nao wakamwita, na mchapishaji mmoja akasema anataka kitabu. Akaja kibandani mbio, koti limempinda begani.

"Redio, mpenzi! Mchezo wenyewe unatokea kwenye kibanda cha fundi. Mimi ndiye mteja mwenye hasira. Nahitaji sauti za hapa. Bisibisi, visu, droo, Mzee akikohoa."

"Sauti za kazi tu?"

"Za kazi tu. Naapa."

Basi akawa anaacha kinasa sauti chake kidogo juu ya rafu, kati ya kopo la skrubu na chupa ya spiriti. Alikiwasha akifika, na mara nyingine alisahau kukizima akiondoka.

Sasa, Bisibisi alikuwa na siri, na siri hiyo haikuwa ya mapenzi. Macho ya baba yake yalikuwa yamekwisha. Kwa miaka miwili Mzee alikuwa akilehemu kwa mazoea, matone ya risasi yakiangukia pembeni, nyaya zikishikana zisipotakiwa. Kila siku saa kumi alasiri alivua miwani, akaipangusa, akaenda nyumbani akiwa ameridhika. Naye Bisibisi alifungua kila kitu alichokifunga baba yake, akakiyeyusha, akakirudia upya, ndipo akampa mteja. Wateja waliendelea kumsifu Mzee. Mzee aliendelea kushukuru. Mtu mmoja tu aliyeambiwa alikuwa shangazi, dada yake Mzee, tena kwa simu, siku ambayo Bisibisi alichoka akahitaji kumwambia mtu.

Jumamosi ya kwanza ya mchezo, saa nne asubuhi, mafundi wote wa ghorofa ya pili walikusanyika mbele ya kibanda namba kumi na nne. Mzee alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, akaiweka redio mezani kama mgeni wa heshima. Mama wa feni alikuja pia.

Watu walicheka tangu dakika ya kwanza. Bwana Ghadhabu aligombana na fundi, akagombana na kaunta, akagombana na risiti. Sauti za kibanda zilisikika nyuma yake, na mafundi wakawa wanagusana viwiko: "Hiyo ndiyo droo yetu!" Mzee alipojisikia akikohoa, akapiga makofi.

Kisha zikafika sekunde saba. Mtandaoni kimya kile kilikuwa na uso wake. Redioni hakikuwa na kitu, na hakuna fundi mitambo wa redio anayevumilia kimya hewani. Bwana Ghadhabu aliponyamaza, fundi mitambo akapandisha sauti za nyuma. Ikatoka sauti ya Bisibisi, ya karibu, tena safi, kama ya mtu aliyekaa nawe meza moja:

"Shangazi, Baba haoni tena. Kila anachokifunga mchana mimi nakifungua jioni. Miaka miwili sasa. Usimwambie, utamvunja moyo."

Hapo hapo Bwana Ghadhabu akapiga ukelele, pedi ikagonga ukuta, na kicheko cha watu wengi, kile kinachohifadhiwa studio, kikafunguliwa chote.

Mbele ya kibanda hakuna aliyecheka. Mama wa feni ndiye aliyenyoosha mkono akaizima redio.

Mzee alivua miwani yake ya kukuzia. Akaipangusa kwa ncha ya shati, kama kila siku, akaiweka mezani mbele ya binti yake.

"Baba..."

"Ngazi naziona," alisema, akaondoka akipapasa ukuta.

Simu ikalia. Alikuwa Bwana Ghadhabu, anahema kwa furaha.

"Mpenzi! Umesikia? Simu za studio hazipumui! Watu wa jukwaa wamepiga sasa hivi, wanataka..."

"Umesikiliza ulichorusha?"

"Nilikuwa kwenye kile chumba cha kioo, nasikia sauti yangu tu. Kwani kuna..."

"Hapo ndipo ulipo ugonjwa wako," alisema Bisibisi, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko siku zote. "Unasikia sauti yako tu. Tafuta rekodi yako, sikiliza pale uliponyamaza. Ukimaliza, usije kwetu."

Akakata. Simu ikalia mara kumi na nne. Akaitia kwenye droo ya betri mbovu.

Alikwenda kwa baba yake jioni na chakula. Mzee alikuwa amekaa sebuleni, bado na shati lake jeupe, mikono juu ya magoti.

"Baba, yule mwanamume sitamsamehe. Amekuaibisha mbele ya jengo zima."

"Yeye alikosa kwa kutosikiliza," alisema Mzee. "Wewe je?"

"Mimi?"

"Unakumbuka ndugu yako alipokuwa mdogo, mnacheza gemu, analia anataka naye? Ulikuwa unampa pedi ambayo waya wake haujachomekwa. Anabonyeza, anaruka, anashangilia, anadhani ndiye anayecheza. Wewe na wenzako mnaangaliana. Miaka miwili, mama. Miaka miwili umenipa pedi isiyochomekwa."

"Baba, nilitaka usiumie!"

"Nilikuwa mtu mzima. Haki yangu ilikuwa kuumia. Weka chakula hapo uende."

Akaenda. Akatembea hadi kwake kwa miguu, akiwa amekasirika na redio, na fundi mitambo, na koti la manjano, na shangazi aliyepokea simu siku ile badala ya kutopatikana. Alipofika mlangoni hakubaki mtu mwingine wa kumkasirikia ila mmoja, na huyo alikuwa ameshika funguo.

Jumatatu Bwana Ghadhabu alikuja ingawa alikatazwa. Hakuvaa koti. Alikuwa na shati la kijivu lenye mikunjo na macho ya mtu asiyelala.

"Nimesikiliza," alisema. "Nimewaambia redio wasiurudie ule mchezo Jumatano. Wamekubali. Bisibisi, naomba..."

"Unaomba nini? Jina langu ulilipata kwenye mdomo wa watu, sauti yangu ukaichukua kwenye rafu. Unaomba nini kilichobaki?"

"Nimekosa. Sikuwa na nia."

"Nia! Kila mtu hapa ana nia nzuri, na baba yangu amekaa kwenye kiti anatazama ukuta!"

Yeye naye, kwa hofu, akafanya kosa la watu wa kazi yake: akajaribu kuchekesha. "Angalau wewe ndiye uliyesikika vizuri kuliko mimi..."

Bisibisi alikuwa na pedi mkononi, ya waya, ametoka kuitengeneza muda huo. Akairusha. Ilipita sikioni mwa Bwana Ghadhabu, ikagonga nguzo ya saruji, ikafunguka vipande. Ghorofa nzima ikageuka. Yeye aliyekuwa akiokota vya watu vilivyovunjwa, leo amevunja.

"Umeona?" alisema. "Hasira yangu haina godoro. Wala haina watu wa kucheka."

Bwana Ghadhabu akapiga magoti akaanza kuokota vipande.

"Acha hivyo. Una rekodi ngapi za kibanda hiki?"

"Sijui. Zaidi ya mia tatu."

"Umezisikiliza?"

"Vipande. Pale panaponifaa."

"Nenda kazisikilize zote, mwanzo hadi mwisho. Kila mtu aliyemo ambaye hajui kwamba yumo, mtafute, mwambie, umfutie mbele ya macho yake. Mpaka umalize usinipigie, usiniandikie, usinitumie mtu."

"Na nikimaliza?"

"Sijakuahidi kitu."

Akaenda. Jumamosi iliyofuata redio ilipiga muziki saa nne, na baada ya wiki mbili nafasi yake ikapewa watu wengine. Watu wa jukwaa walimsubiri, kisha wakachoka kumsubiri. Bisibisi aliambiwa haya na mama wa feni, aliyekuja bila feni.

"Alikuja kwangu," mama alisema, akijitengeneza kitini. "Akanisikilizisha sauti yangu, siku ile niliyokuwa hapa nikimsema mkwe wangu. Akaomba radhi, akataka kuifuta. Nikamwambia mwanangu, usifute, nilikuwa sahihi! Akakataa. Akafuta. Halafu akanioshea vyombo."

"Sikukuuliza habari zake, mama."

"Nami sikujibu swali. Nazungumza tu."

Hasira za Bisibisi hazikupungua. Lakini mchana, kibanda kikiwa kitupu na kigoda kikiwa kitupu zaidi, alikuwa akikiangalia kile kipande cha boksi chini ya mguu mfupi, naye hakukitoa.

Wiki ya tatu tangu Mzee aache kuja kibandani, alibeba mashine ya gemu hadi kwa baba yake. Mzee hakugeuza uso.

"Hii imenishinda, Baba."

"Usinianze."

"Imenishinda kweli. Inazima ikifika dakika ya tano. Nimeifungua mara nne. Sijaja kukufurahisha, nimekasirika nayo, nusura niitupe dirishani. Ukitaka kujua kama nakudanganya, hii hapa, iwashe mwenyewe."

Mzee akageuka. Kisha akanyoosha mkono, akaipapasa, akaiwasha, akainamisha sikio hadi likaigusa. Dakika ikapita. Ya pili.

"Feni yake inakwaruza upande wa kushoto," alisema. "Kuna uzi au nywele imejizungushia. Hasikii mtu kwa sababu inakwaruza ikipata moto tu. Wewe umekuwa ukiifungua ikiwa imepoa."

Bisibisi akafungua. Uzi ulikuwepo, mwembamba, mweupe. Akauweka kwenye kiganja cha baba yake.

"Pole, Baba," alisema. "Si kwa macho yako. Kwa kukuficha."

"Chuma sishiki tena," alijibu Mzee. "Na usinipe sifa za uongo. Nitakaa mbele, nitapokea, nitasikiliza. Nikikosea uniambie mbele ya mteja. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Zikapita wiki sita tangu pedi irushwe. Ilikuwa Alhamisi, foleni ndefu, watu wanasukumana. Mwisho kabisa alisimama mwanamume wa shati la kijivu, amekonda. Hakuna aliyemwomba picha. Alisimama saa nzima. Bisibisi alimwona alipofika ngazini, akaendelea kulehemu, na mkono wake ukaunguza mahali ambapo haukuwa umeunguza kwa miaka.

"Tatizo lako nini?" akauliza Mzee kaunta.

"Nilikukosea, Mzee."

Mzee akainua kichwa. "Sauti hii naijua. Mimi nilikusamehe wiki ya pili. Sikutuma salamu kwa sababu mwanangu alikuwa hajamaliza."

"Bado hajamaliza!" Bisibisi akapaza sauti kutoka nyuma.

"Unaona," Mzee akamnong'oneza.

Bwana Ghadhabu akaweka kinasa sauti juu ya kaunta. "Zote nimezisikiliza. Zote nimezifuta, mbele ya wenyewe. Imebaki moja. Ile." Akamtazama Bisibisi. "Nilipeleka redio bila kuifikisha mwisho. Baada ya simu ya shangazi kuna saa nzima. Uko peke yako, unafungua kazi za Mzee. Kila ukiyeyusha sehemu aliyolehemu, unasema 'samahani, Baba.' Kila moja. Nilikaa nikakusikiliza ukiomba radhi saa nzima kwa mtu asiyekuwepo, na mimi nilikuwa nimechukua sekunde saba tu, zile mbaya. Ni yako. Niifute au nifanye nini? Sigusi mpaka useme."

Bisibisi akatoka nyuma ya meza, uso umemwiva.

"Mpe Baba asikilize," alisema. "Baba tu. Sikioni."

Mzee akainamisha sikio juu ya kile kidude, kama alivyoinamia mashine. Akasikiliza. Mkono wake ukatafuta juu ya kaunta hadi ukapata mkono wa binti yake, ukaushika, haukuuachia. Alipotosheka akaitikia kwa kichwa. Bwana Ghadhabu akabonyeza, rekodi ikafutika. Kisha akakizima kinasa sauti na simu yake, akavisogeza mbali.

"Sasa hakuna kinachorekodi," alisema. "Nataka kukuoa, Bisibisi. Ukinikataa nitakaa foleni tena kesho."

"Bado nina hasira na wewe."

"Najua."

"Zitachukua muda."

"Ziwe ndani ya nyumba basi, nizione zikikua."

Bisibisi alinyamaza. Sekunde moja, mbili, nne. Feni ziliunguruma, mtu akakohoa ngazini. Tano. Sita. Saba. Nane.

"Mjibu, mama," alisema Mzee. "Hapa hakuna fundi mitambo wa kutujazia kimya."

Bisibisi akavuta droo. Akatoa mfuko wa karatasi, akaumwaga mezani: vipande vya ile pedi aliyoirusha. Hakuwa ameigusa kwa wiki zote sita. Akavua aproni yake ya buluu, akaitupia kifuani mwa Bwana Ghadhabu.

"Ya manjano hatuna," alisema. "Kaa hapo. Wewe umevunja vyote hivyo, hujawahi kutengeneza hata kimoja. Hiki nilikivunja mimi, utakitengeneza wewe, nami nitakuonyesha. Kikifanya kazi, jibu ni ndiyo."

"Na kisipofanya?"

"Utarudia."

Alikitengeneza siku nzima. Alijiunguza vidole viwili, akalehemu waya mwekundu mahali pa mweusi, akagombezwa mbele ya wateja hadi masikio yakawaka, na mama wa feni akamletea maji ya kunywa mara tatu. Saa kumi ilipofika, Bisibisi akachomeka waya kwenye mashine. Taa ndogo ya kijani ikawaka.

Hakuna aliyeshangilia. Wote walimgeukia Mzee. Akaipokea pedi, akaisogeza sikioni, akabonyeza kitufe kimoja, kisha kingine, polepole, kwenye uso wake mtu asiweze kusoma lolote.

"Kazi mbaya," alisema. "Kitufe cha kulia kimelegea." Akampa binti yake, akacheka kile kicheko cha mabega. "Lakini hii imechomekwa."